Peke Yako Hadi Kigoma: Mjadala wa Safari ya Kwanza

Maandalizi ya safari ndefu ya kwanza ya mtu peke yake katika nchi ya nje yana pande mbili. Upo upande wa mambo ambayo msafiri akishavuka mpaka hawezi kuyarekebisha kwa urahisi: hati, chanjo, fedha za kumrudisha nyumbani, na mtu anayejua aliko. Upo pia upande wa mambo yanayobadilika kila asubuhi: mji wa kwenda, basi la kupanda, siku za kukaa. Katika nyumba nyingi za Meru na Embu ubishi huwaka juu ya upande huu wa pili, na ule wa kwanza hukumbukwa wiki ya kuondoka.

Wanaojadiliana hapa ni watano: binti aliyemaliza chuo kikuu mjini Embu, baba yake, mkulima wa chai wa Imenti Kusini, mjomba anayenunua miraa Maua na kuipeleka kaskazini, shangazi ambaye ni muuguzi, na mwalimu mstaafu wa jiografia, jirani yao. Ni wahusika wa mjadala tu, ila hoja zao husikika mlimani kote, kuanzia Nkubu hadi Runyenjes.

Swali la kwanza ni nchi. Mjomba hana shaka.

"Ethiopia," asema. "Barabara inapita mlangoni. Ukifika Isiolo ni lami tupu hadi Moyale. Viza hudaiwi. Na saa yao ni kama yetu, kukipambazuka ni saa kumi na mbili."

Hoja yake ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Kwa miongo mingi lami iliishia Isiolo, na zile kilomita 500 hivi za kwenda Moyale zilikuwa za malori na vumbi, na aliyezianza hakujua atafika lini. Lami ilikamilika katika miaka ya 2010, na Desemba 2020 kituo cha pamoja cha mpakani kikazinduliwa Moyale, ambako maafisa wa nchi mbili hufanya kazi chini ya paa moja. Ni raia wa nchi chache mno wanaoingia Ethiopia bila viza, na Mkenya ni mmoja wao. Kuhusu saa Mjomba amesema kweli; alichoruka ni kalenda. Ethiopia ina miezi 13, mwaka wake mpya huanza Septemba, na hesabu yake iko nyuma kwa miaka saba au minane. Tiketi iliyoandikwa kwa tarehe za huko inaweza kumlaza mgeni stendi.

"Na risasi?" auliza Baba. "Redio nasikiliza."

Anachokisikia kipo. Vita vya Tigray vilianza Novemba 2020 na kusitishwa kwa mkataba wa Pretoria wa Novemba 2022. Mwaka 2023 mapigano mengine yakazuka Amhara. Binti anajibu kwamba kusini, kuanzia Moyale kuelekea Hawassa, si kaskazini. Ni jibu la haki, lakini linapunguza safari yenyewe: lengo lilikuwa kuizunguka nchi, na nchi ambayo nusu yake inakwepwa haizungukiki. Mwalimu anaongeza hoja ambayo kwa kweli ndiyo inayoamua. Msafiri wa peke yake asiyejua Kiamhari wala Kioromo atategemea mtu wa kumtafsiria kila sokoni na kila stendi, na mtu huyo ndiye atakayekuwa akiiongoza safari.

Shangazi anapendekeza Uganda na Rwanda. Tangu 2014 Mkenya huingia huko kwa kitambulisho cha taifa, bila pasipoti. Ni njia rahisi, na kwa safari ya wiki moja inafaa sana. Kwa safari ya wiki nyingi, mwenye pasipoti bado ana nafasi kubwa zaidi ya kujieleza anapokwama, kwa hiyo wepesi huo hauna faida kubwa kama unavyoonekana.

Inabaki Tanzania. Lugha ipo. Mabasi yapo. Tena nchi inazungukika bila kurudia njia: kuingia Namanga, kupita Arusha, Moshi na Tanga hadi Dar es Salaam, boti ya Zanzibar kwenda na kurudi, kisha Dodoma, Tabora na Kigoma, halafu Mwanza, na kutokea Sirari hadi Isebania. Baba anaachia kidogo, lakini hajamaliza.

"Tanzania nayo Oktoba mwaka 2025 ilikuwaje? Si walizima intaneti?"

"Walizima, Mzee," akiri Mwalimu. "Na Dar es Salaam kulikuwa na kafyu. Ndiyo maana mtu husafiri akijua kalenda ya uchaguzi ya nchi anayokwenda, kama anavyojua ya masika."

Hapo Mwalimu anastahili kuungwa mkono. Uchaguzi mkuu wa Oktoba 29, 2025 uliambatana na machafuko, na mgeni aliyekuwa njiani siku hizo hakuweza kutuma hata ujumbe wa mtandaoni. Hilo haliifanyi Tanzania kuwa nchi isiyokwendeka. Linaonyesha kwamba tarehe ya safari ni sehemu ya usalama wake, na kwamba mgeni hana kazi kwenye maandamano wala mikutano ya siasa ya nchi ya watu. Wakenya wanaopenda kuchangia kila mazungumzo ya siasa ndani ya matatu wataona hili gumu; wakiwa kwenye daladala wajifunze kusikiliza.

Swali la pili ni upweke wenyewe, na hili ndilo linalomkera Baba tangu mwanzo.

"Kwetu mtu hasafiri peke yake. Hata wafanyabiashara wa zamani walikwenda kwa makundi."

Historia iko upande wake. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Ujerumani kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli, chenye masimulizi ya wasafiri wa pwani kwa maneno yao wenyewe. Mmoja wao, Salim bin Abakari, alifika hadi Urusi na Siberia mwaka 1896. Naye hakwenda peke yake: alimfuata bwana wake Mjerumani. Safari za wakati huo zilikuwa za misafara, na aliyeachwa nyuma hatarini alikuwa yule aliyeugua au kuchoka.

"Walikwenda kwa makundi kwa sababu njiani hapakuwa na gesti, Baba," ajibu Binti, "wala polisi, wala simu."

"Na kwa sababu ya wanaume," asema Shangazi, na anasema kwa niaba ya wengi ambao hawataki kulitaja. Hofu ya kweli ya nyumba hii ni kwamba msafiri ni mwanamke. Angekuwa kaka yake, mjadala ungekuwa umekwisha kwa kuulizwa nauli.

Shangazi hamkatazi. Anamweleza kitu kidogo ambacho vitabu vya wageni huwa haviandiki. Gesti nyingi zina daftari la wageni lililofunguliwa juu ya kaunta. Humo huandikwa jina, namba ya hati, mgeni ametoka wapi, anaelekea wapi, na namba ya chumba. Anayefuata kuandika husoma mistari ya juu yake, na kwa kupitisha jicho tu anajua kwamba chumba fulani kina mwanamke mmoja, mgeni, anayeondoka asubuhi. Daftari ni takwa la sheria na lazima lijazwe kwa ukweli. Lakini mgeni anaweza kuomba chumba kilicho karibu na mapokezi au ghorofani, akakagua kitasa na komeo kabla ya kulipa, na akaomba namba ya chumba isitajwe kwa sauti mbele za watu. Mapokezi wakikataa hilo dogo, atafute gesti nyingine, na ndiyo maana anapaswa kufika mji mgeni kabla jua halijazama. Kufika mchana humpa msafiri nafasi ya kukataa. Kanuni hiyo moja inafaa kuliko orodha ndefu ya maonyo, na msafiri wa kiume naye aifuate.

Sasa hati. Hapa hakuna ubishi mkubwa, ila kuna uzembe. Tanzania haipokei kitambulisho cha Kenya kama Uganda inavyokipokea; msafiri anahitaji pasipoti au hati ya muda, na kwa safari ndefu pasipoti ndiyo ya kutegemewa. Ombi hujazwa kwenye eCitizen, na mwombaji wa Meru au Embu hana haja ya kwenda Nyayo House, kwa kuwa ipo ofisi ya Uhamiaji Embu inayopokea maombi na kuchukua alama za vidole. Kinachochelewesha wengi ni vyeti: jina lililoandikwa hivi kwenye cheti cha kuzaliwa na vile kwenye kitambulisho, au cheti ambacho hakijawahi kuchukuliwa kabisa. Mpakani Namanga raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki halipi viza, lakini hugongewa muhuri wenye idadi ya siku. Msafiri ausome muhuri huo palepale dirishani. Wengi husoma siku wanayotoka, na kosa la siku zilizopita huzungumzwa kwa fedha.

Shangazi anachukua nafasi yake ya kazi.

"Kadi ya njano unayo?"

"Nitachanjwa siku ya kuondoka, Shangazi."

"Basi ni kama hujachanjwa."

Kenya imo katika orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano, na Tanzania hudai cheti kwa watokao nchi hizo. Cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano. Tangu 2016 kinatosha kwa maisha yote, kwa hiyo hakuna sababu ya kununua kadi ya vichochoroni, ambayo haina kinga yoyote ndani yake na inaweza kumletea mwenyewe kesi. Malaria ni suala zito zaidi. Aliyelelewa juu kwenye ukanda wa chai hana ile kinga ya mwili waliyo nayo watu waliokulia kwenye malaria ya mwaka mzima. Mtu wa Mwea au Mbeere chini anaujua ugonjwa huo. Wa Githongo anausikia tu. Kigoma, Mwanza na pwani ni maeneo ya malaria. Ushauri wa Shangazi ni kumwona daktari kabla ya safari kuhusu dawa ya kinga, kulala ndani ya chandarua, na kupima siku ileile homa inapoanza badala ya kumeza dawa mseto kwa kubahatisha.

Katika miraa Mjomba anaacha mzaha.

"Begi langu nilokuazima usilibebe. Nunua lako."

Nchini Kenya miraa ni zao linalotambuliwa na sheria. Huko Igembe inalipa karo. Mbeere, muguka hufanya kazi hiyohiyo. Hata hivyo wakulima wa Embu waliona Mei 2024 jinsi mpaka unavyoweza kugeuza mambo: Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipiga marufuku muguka, na ikabidi Mahakama Kuu ya Embu itoe amri ya kusimamisha marufuku za Mombasa na Kilifi. Tanzania si kaunti. Huko mirungi, kama wanavyoiita, ni dawa ya kulevya kisheria, na hakuna amri ya mahakama ya Embu itakayomfikia aliyekamatwa nayo Arusha. Ethiopia ingekuwa tofauti, kwani huko ni biashara halali. Hiyo ni moja ya sababu ambazo Mjomba hakuzitaja alipokuwa akiisifu.

Hatari yenyewe ni ndogo kwa umbo. Begi lililowahi kubeba kitita hubaki na vijiti vilivyokauka kwenye mishono, vipande vya jani la mgomba lililofungiwa, na majani yaliyosagika chini ya kitambaa cha ndani. Koti la kazi huwa na mabaki kwenye mfuko wa kifuani. Begi jipya, au la zamani lililogeuzwa nje ndani na kufuliwa, ndilo la kuvukia. Kifurushi cha mtu mwingine hakibebwi, hata cha jirani, hata cha mtu wa kanisani. Mifuko ya plastiki nayo ibaki nyumbani, kwani Tanzania iliipiga marufuku Juni 2019.

"Na ukifika Arusha," achomeka Mwalimu, "usijitape kuwa wewe ni Mmeru."

Anasema kweli, na ni kichekesho kinachostahili maelezo. Juu ya Arusha umesimama Mlima Meru, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, na wenyeji wa miteremko yake huitwa Wameru. Lugha yao ni Kirwa, iliyo karibu na Kichaga. Si Kimeru cha Imenti wala cha Tharaka. Msafiri wa Meru ya Kenya atakayejitambulisha hivyo ataamkiwa kwa lugha asiyoijua, kisha atahitaji nusu saa ya kueleza ametoka mlima gani.

Fedha ndiyo sehemu ambayo kila mmoja ana nadharia. Binti anataka kuchukua mkopo wa chama na kuulipa akirudi. Baba anapinga, naye ana haki: deni lenye tarehe humfuata msafiri hadi Tabora, na humfanya apande gari bovu la bei nafuu au alale pasipofaa ili abakize kitu. Safari isiyotosheka kwa akiba ifupishwe. Mwalimu anashauri fedha zigawanywe mara tatu. Fungu la kwanza ni la mabasi, treni na boti, na bei zake hujulikana kwa kuuliza. La pili ni la malazi na chakula, na ndilo linalopanda na kushuka. La tatu ni nauli ya kutoka sehemu ya mbali zaidi ya safari, yaani Kigoma, hadi nyumbani bila kulala njiani, pamoja na akiba ya siku mbili za hospitali. Hili haliguswi, hata Zanzibar iwe nzuri namna gani.

Mpakani kuna mtego wa hesabu. Noti ya Sh10,000 ya Tanzania ni kama Sh500 za Kenya, na Mkenya anayepokea bunda la noti kwa mara ya kwanza hujiona tajiri hadi jioni. Wabadilishaji wa barabarani Namanga wanalijua hilo vizuri, nao huhesabu haraka. Benki au duka la fedha lenye leseni linatosha, na kiasi cha kwanza kiwe kidogo. Kisheria bei za ndani hulipwa kwa shilingi ya Tanzania. Kanuni za Machi 2025 zilipiga marufuku kudai malipo kwa fedha za kigeni. Tangu 2015 inawezekana pia kutuma fedha kutoka M-Pesa ya Kenya kwenda ya Vodacom Tanzania, na huo ndio mlango wa dharura wa Baba, anayeahidi kuutumia mara moja tu.

Mwisho ratiba. Mwalimu ameandika karatasi mbili, siku kwa siku, na majina ya gesti. Binti hataki hata moja.

"Nikipenda Tanga nikae wiki, Mwalimu. Nisipopenda niondoke kesho yake."

"Na nikikutafuta nikutafutie wapi?"

Wote wawili wanashika ncha moja ya jambo. Ratiba ya kila siku huvunjika mapema: treni hubadilishwa saa, boti husimama kwa upepo, homa hula siku tatu. Tena nchi yenyewe inabadilika haraka kuliko karatasi. Treni ya kisasa ya Dar es Salaam hadi Dodoma ilianza mwaka 2024 na kuufanya mwendo wa siku nzima wa basi kuwa wa saa tatu hadi nne. Daraja la Kigongo–Busisi karibu na Mwanza lilifunguliwa Juni 2025, na foleni ya kivuko iliyokuwa ikiwachelewesha wasafiri ikaisha. MV Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913 na ambayo kila anayezungumzia Kigoma huitaja, imekuwa nje ya kazi kwa miaka kadhaa, lakini bado imo katika ratiba za watu walionakili ratiba za zamani. Karatasi ya Mwalimu ilikuwa nayo pia.

Kwa upande mwingine, kuondoka bila chochote humwacha msafiri mchovu akiamua mambo makubwa saa mbili usiku, Stendi ya Magufuli, Dar es Salaam, huku amezungukwa na mawakala na madereva wa bajaji. Kinachofaa ni kufunga ncha mbili na kuacha katikati wazi: siku tatu za kwanza, malazi ya Arusha yakiwa yamelipiwa, na tarehe ya kutoka Sirari, iliyo ndani ya siku za muhuri. Kila mji mpya upangiwe usiku wa kwanza tu, kwa simu, siku moja kabla.

Kuhusu mawasiliano, Baba alitaka simu kila jioni. Shangazi alimkatalia, na hoja yake ni ya kitaalamu: simu ya kila siku ikikosa siku moja, kwa sababu ya chaji tu, nyumba nzima huamkia kituo cha polisi; na ikikosa kwa sababu ya kweli, hakuna anayejua kutofautisha. Siku mbili za juma zinatosha, mfano Jumatano na Jumapili, pamoja na ujumbe mfupi kila anapohama mji, unaotaja basi na gesti. Laini ya Tanzania isajiliwe kwa pasipoti na namba itumwe nyumbani siku hiyohiyo. Nyumbani kubaki nakala ya pasipoti, ya kadi ya njano, na namba ya Ubalozi wa Kenya ulioko Dar es Salaam. Ikipita siku nzima baada ya siku ya kupiga, Baba apige gesti ya mwisho kwanza, kisha ubalozi.

Imebaki tarehe. Baba anasema safari ingoje bonasi ya chai, inayolipwa karibu na Oktoba, na Binti anaona ni hila ya kuichelewesha. Si hila, mradi miezi inayofuata itumike. Oktoba hadi Desemba ni vuli, Machi hadi Mei ni masika, na barabara za magharibi mwa Tanzania hazina urafiki na mvua. Basi bonasi ikiingia, ombi la pasipoti lipelekwe Embu mwezi huohuo, chanjo idungwe kabla ya Krismasi, fungu la tatu la fedha likae kwenye Sacco, na tiketi ya Namanga ikatwe Juni.